Kidole kinachokwama: sindano ya steroidi au operesheni ndogo, uchague ipi?

Kidole kinakwama, hasa asubuhi, ukishakikunja kinagoma kunyooka afu ghafla kinafyatuka "tak!" na maumivu unayasikia mpaka kiganjani, basi hiyo ndo watu wa hospitali wanaiita triga finga. Ukishaambiwa unayo, mara nyingi daktari anakutajia njia mbili kubwa: kuchomwa sindano ya steroidi kwenye kiganja, au kaoperesheni kadogo ka kukata kile kinachobana. Hapo ndo watu wanaanza kuhangaika, maana neno operesheni linatisha na neno sindano limezoeleka, kwahiyo mtu anachagua kwa woga badala ya kuangalia hali ya kidole chake. Mi msimamo wangu nautoa mapema kabisa: operesheni hii watu wanaiogopa kuliko inavyostahili, na sindano wanaichukulia poa kuliko inavyostahili. Ukiziona zote mbili kwa ukubwa wake halisi, kuchagua kunakuwa rahisi sana.

Kinachobana ni nini hasa

Kano ya kukunja kidole inatoka kwenye misuli ya mkono huku chini ya kiwiko, inapita kwenye kiganja, inaingia kwenye ala ambayo ni kama mfereji, na kwenye huo mfereji kuna pete pete zinazoishikilia kano isiachane na mfupa unapokunja ngumi. Pete ya kwanza kabisa, ile ya pale kidole kinapoungana na kiganja, wanaiita A1, na hiyo ndo yenye kesi. Inanenepa, inakuwa ngumu, na kano nayo inavimba kidogo hapohapo inatengeneza kinundu, basi inakuwa kama uzi wenye fundo unaolazimishwa kupita kwenye tundu la sindano. Daktari Mfaransa, Alphonse Notta, alikieleza hicho kinundu mwaka 1850 na mpaka leo wapo wanaokiita kinundu cha Notta. Ukibonyeza kiganjani chini ya kidole chenyewe huku unakikunja na kukinyoosha, unaweza kukisikia kinateleza chini ya ngozi.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba maumivu mtu anayasikia kwenye kiungo cha katikati cha kidole, kwahiyo anapaka dawa pale, anachua pale, anafunga bandeji pale, kumbe shida iko chini kiganjani. Ndo maana pia sindano inachomwa kiganjani na operesheni inafanyika kiganjani, usishangae ukiona daktari anaenda "sehemu ambayo haiumi".

Inawapata zaidi wanawake kuliko wanaume, zaidi kwenye umri wa miaka 40 mpaka 60, na vidole vinavyoongoza ni cha pete na gumba. Kwa watu kwa ujumla uwezekano wa kuipata maishani ni kama asilimia 2 au 3, ila kwa mwenye kisukari unapanda mpaka kwenye asilimia 10 na zaidi. Wenye baridi yabisi, jongo na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu nao wako kwenye foleni. Kisukari ntakirudia huko mbele maana chenyewe ndo kinabadilisha hesabu yote.

Jua kwanza kidole chako kimefika wapi

Madaktari wanapanga madaraja, kwa kawaida manne. La kwanza ni maumivu tu kiganjani, mtu anasema "saa nyingine kinakwama" lakini ukimwambia aonyeshe hakikwami. La pili kinakwama kweli ila kinanyooka kwa nguvu zake chenyewe. La tatu hakinyooki mpaka ukivute na mkono wa pili, au kuna wakati hakikunjiki kabisa. La nne kimegoma, kimebaki kimejikunja na hata ukivuta hakinyooki chote. Hili ndo la kujua kabla hujasikiliza ushauri wa mtu yeyote, maana aliyepona kwa sindano akiwa daraja la kwanza hana cha kumshauri aliye daraja la nne. Kwa daraja la kwanza na la pili sindano ina nafasi nzuri tu, la tatu inajaribika, la nne unapoteza muda wako.

Na kama ndo kwanza kimeanza, wiki chache tu, kuna njia ambayo watu wanairuka haraka mno, yaani kupumzisha kidole, kupunguza zile kazi za kushika kitu kwa nguvu muda mrefu, na kuvaa banzi dogo linalozuia kidole kisikunjike pale chini, wengine usiku tu, kwa wiki 6 mpaka 10 hivi. Ibuprofeni na wenzake inapunguza maumivu, kukwama kwenyewe haikugusi sana. Banzi linasaidia baadhi ya watu wenye hali nyepesi ila linataka uvumilivu na wengi wanalitupa droo siku za mwanzo tu, kwahiyo ukijijua hutolivaa usijidanganye, nenda kwenye uamuzi wenyewe.

Sindano ya steroidi

Daktari anasafisha ngozi, anachoma pale chini ya kidole, anaingiza dawa kidogo sana, nusu mililita mpaka mililita moja hivi, ambayo ni steroidi kama triamsinoloni, methiliprednisoloni, betamethasoni au deksamethasoni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na lidokeini ambayo ni ganzi. Dakika chache umemaliza, unaondoka na plasta. Si lazima kuwe na ultrasaundi, wengi wanachoma kwa kupapasa na mkono na matokeo yanakuwa sawa tu, kwahiyo usimdharau daktari kisa hana mashine. Kazi ya dawa ni kutuliza uvimbe kwenye ala ili kano ipate nafasi ya kupita. Haikati kitu, haiondoi kitu, na hilo ndo zuri lake na ndo udhaifu wake.

Sasa nisikufiche, inauma. Ngozi ya kiganja ni nene na imejaa mishipa ya fahamu, kwahiyo zile sekunde chache unazisikia haswa. Afu ganzi ikishika unajisikia freshi, unakunja unakunjua, unadhani umepona palepale, masaa machache baadae ganzi inaisha na maumivu yanarudi, na kwa baadhi ya watu yanakuwa makali kuliko mwanzo kwa siku moja au mbili, na hapo ndo mtu anaanza kusema ameharibiwa mkono. Hujaharibiwa, ni kawaida, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, meza parasetamoli, subiri. Steroidi yenyewe inahitaji siku kadhaa mpaka wiki chache kufanya kazi, na mara nyingi maumivu ndo yanatangulia kuondoka halafu kukwama kunafuata taratibu. Ukichomwa Jumatatu usiamue Alhamisi kwamba imefeli.

Inafanikiwa kiasi gani? Kuna utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2012 ambao mi naupenda kwa sababu uliziweka njia zote kwenye mizani moja: vidole 150 viligawanywa kwa bahati nasibu, vingine sindano, vingine operesheni ya kupasua, vingine kukatwa kwa ncha ya sindano bila kupasua (hii ntaieleza). Sindano moja iliondoa kukwama kwenye asilimia 57 ya vidole, waliohitaji wakaongezewa ya pili na jumla ikafika asilimia 86. Waliokatwa ile pete, kwa njia yoyote kati ya zile mbili, kukwama kuliisha kwa wote. Lakini hao walifuatiliwa miezi 6 tu. Utafiti mwingine wa mwaka 2014 uliangalia watu miaka 10 baada ya sindano yao ya kwanza na ukakuta asilimia 45 walikuwa hawajahitaji kitu kingine, na wengi wa waliorudiwa walirudiwa ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Kwahiyo karibu nusu ya watu wanachomwa mara moja na habari inaishia hapo kwa miaka mingi, hicho si kitu kidogo, ila nusu nyingine itarudi hospitali.

Madhara yake ni machache lakini yapo. Ngozi pale ilipochomwa inaweza kupauka na kuwa nyeupe, na kwa ngozi nyeusi inaonekana zaidi, au nyama ya chini ya ngozi ikapungua kukawa na kashimo, mara nyingi inarudi baada ya miezi ila sio kwa kila mtu. Maambukizi ni nadra. Kano kukatika ni nadra zaidi ila imeshatokea, na hiyo ni sababu mojawapo madaktari hawapendi kukuchoma na kukuchoma kidole kilekile. Wengi wanaishia sindano mbili, wachache wanafika tatu. Ukikuta mtu anakwambia "we njoo tu kila kikikwama tunachoma", tafuta maoni ya daktari mwingine.

Wenye kisukari, sikilizeni hapa. Kwanza sindano inapandisha sukari, inaanza kupanda ndani ya siku moja hivi na inaweza kukaa juu siku kadhaa mpaka kama wiki, kwahiyo lazima upime mara nyingi kuliko kawaida, na kama unatumia insulini ongea na anayekuhudumia kabla ya kuchomwa na sio baada. Pili, na hili wengi hawaambiwi, kwa wenye kisukari sindano inafanya kazi kidogo kuliko kwa wengine, hasa wanaotumia insulini. Wengine ambao sindano huwa inawarudia ni wenye umri mdogo, wenye vidole vingi vinavyokwama kwa pamoja, na wenye shida nyingine za kano kwenye mkono huohuo.

Operesheni ndogo

Watu wakisikia operesheni wanawaza kulazwa, usingizi wa dawa, dripu, ndugu wamekaa kwenye benchi. Hii sio hiyo. Unachomwa ganzi kiganjani tu, upo macho, unaongea na daktari, anachana ngozi kama sentimita 1 mpaka 2, anasogeza mishipa ya fahamu na ya damu pembeni, anaiona ile pete ya A1 na kuikata kwa urefu wake. Basi. Haishoni tena ile pete, inaachwa wazi, na zile pete nyingine zilizobaki zinatosha kushikilia kano. Kazi yenyewe ni dakika 10 mpaka 20, afu nyuzi chache, bandeji, unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Utamu wake ni kwamba kabla hajashona anakwambia kunja, nyoosha, kunja, nyoosha. Mnaona wote wawili kama bado kinakwama. Sindano haina hicho kitu, unaondoka na matumaini tu, huku unaondoka umeshaona.

Zamani walikuwa wanafunga mkanda wa kubana damu juu ya mkono ili sehemu isijae damu, na watu wengi walikuwa wanalalamikia huo mkanda kuliko upasuaji wenyewe. Siku hizi sehemu nyingi wanachanganya lidokeini na adrenalini, adrenalini inabana mishipa midogo ya damu, wanasubiri kama nusu saa na mkanda hauhitajiki. Kuna kipindi madaktari walifundishwa kwamba adrenalini ikiingia kidoleni kidole kinakufa, imani iliyokaa miaka mingi, mpaka madaktari wa mikono akiwemo Donald Lalonde wa Kanada walipoonyesha kwamba kwa dozi inayotumika leo ni salama. Ukiwa unaogopa mkanda, uliza kama wanafanya kwa njia hiyo.

Halafu kuna ile ya kukata bila kupasua, daktari anaingiza ncha ya sindano nene kupitia ngozi na kuikata pete kwa ncha hiyo; wazo la kukata kupitia ngozi lilielezwa na daktari Lorthioir mwaka 1958, ila yeye alitumia kisu chembamba. Haina nyuzi na mkono unarudi kazini mapema. Kwa mikono iliyozoea matokeo yake yanalingana na ya kupasua. Ila daktari haoni ndani, anakwenda kwa hisia au kwa ultrasaundi, na kwenye kidole gumba mshipa wa fahamu unapita karibu mno na hiyo pete, hata kidole kidogo cha mwisho wengine wanakikwepa. Mi gumba langu nisingekubali likatwe hivo na mtu anayefanya mara mojamoja.

Baada ya operesheni: kidole unaanza kukikunja na kukinyoosha siku hiyohiyo ganzi ikiisha, na hili sio ombi. Wanaokilaza kidole wiki mbili kwa kuogopa kidonda kufunguka ndo wanaobaki na kidole kigumu halafu wanailaumu operesheni. Kidonda kikae kikavu, mkono uinuliwe juu ya kifua siku za mwanzo usivimbe, nyuzi zinatolewa siku ya 10 mpaka 14 kama sio zile zinazoyeyuka. Kazi nyepesi, kuandika, simu, kula, unafanya ndani ya siku chache. Kazi za kushika kwa nguvu, nyundo, jembe, ndoo nzito, hapo hesabu wiki 3 mpaka 6. Kovu linabaki linauma ukiligandamiza kwa wiki kadhaa, saa nyingine miezi, ndo kitu ambacho watu wanakilalamikia zaidi na daktari huwa anakipitia juujuu.

Hatari nyingine: maambukizi, ganzi au msisimko upande mmoja wa kidole kama mshipa wa fahamu umeguswa, pete kutokatwa yote kidole kikaendelea kukwama, au kukata zaidi ya inavyotakiwa mpaka pete inayofuata, A2, na hapo kano inainuka chini ya ngozi ukikunja na nguvu inapungua. Mara chache sana mkono unaingia kwenye hali ya maumivu makali na kuvimba yasiyoendana na ukubwa wa kidonda. Haya makubwa ni nadra, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanatoka na kidole kisichokwama tena, ila uyajue ili ukisaini ile fomu ujue unasaini nini.

Sasa tuzilinganishe

Mwaka 2018 Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya tafiti za operesheni ya triga finga na kuna namba mbili pale ambazo ukizisoma pamoja zinakupa picha yote. Kwenye watu 1000, kidole kurudi kukwama ndani ya miezi 6 mpaka 12 ni kama 385 kwa waliochomwa sindano na kama 65 kwa waliofanyiwa operesheni ya kupasua. Lakini maumivu kwenye wiki ya kwanza ni kama 184 kwa wa sindano na 678 kwa wa operesheni. Wenyewe walisema ushahidi bado ni wa kiwango cha chini, tafiti zilikuwa chache, kwahiyo usizikariri kama namba za mwisho, ila mwelekeo wake unaendana na wanachokiona madaktari kila siku. Kwa maneno mengine unachagua maumivu yako uyalipe lini, yote wiki ya kwanza au kidogokidogo huku hujui kama yataisha.

Mambo mengine kwa harakaharaka:

Muda wa kukosa kazi. Sindano, siku moja au mbili na mara nyingi hata hiyo hamna. Operesheni, siku chache kwa wa ofisini, wiki kadhaa kwa anayetumia mikono kwa nguvu.

Kidonda na kovu. Sindano hamna, labda ngozi kupauka. Operesheni lipo, dogo, kwenye mstari wa kiganja, baada ya mwaka wengi wanalitafuta hawalioni.

Gharama. Sindano moja ni nafuu kuliko operesheni karibu popote utakapokwenda, lakini tatu pamoja na nauli na siku za kupanga foleni, piga hesabu mwenyewe.

Uhakika. Operesheni, bila ubishi.

Kurudi nyuma. Hapa watu hawapafikirii. Sindano ikifeli bado operesheni ipo palepale inakusubiri, hujapoteza mlango. Pete ikishakatwa imekatwa. Hiyo ndo sababu kubwa ya kuanza na sindano kwa mtu ambaye hana haraka, na naiona ni sababu ya maana kuliko woga wa kisu.

Ila huo mlango una masharti. Ukichomwa sindano leo usitegemee kupasuliwa wiki ijayo, maana steroidi ikiwa bado iko kwenye nyama inadhoofisha kinga ya pale na maambukizi baada ya upasuaji yanaongezeka, kwahiyo madaktari wengi wanapenda ipite kama miezi 3. Kama unajua kabisa una dirisha moja tu la likizo mwaka huu la kuuguza mkono, sindano ya "ngoja nijaribu kwanza" inaweza kukuvurugia ratiba yote. Wachache wanalifikiria hili kabla.

Nani aende wapi

Kidole kimoja, kimeanza ndani ya miezi michache, kinanyooka chenyewe, huna kisukari: sindano, sioni hata cha kujadili. Ipe nafasi wiki 4 mpaka 6 kabla ya kutoa hukumu. Ikisaidia nusu au ikarudi baada ya miezi, ya pili inaeleweka. Ya tatu mi napata shida nayo. Kama mbili zimeshindwa, ya tatu inachofanya zaidi ni kuahirisha, na wakati unaahirisha kile kiungo cha katikati kinazoea kukaa kimejikunja.

Na hilo la kiungo ndo linaloniudhi kwenye hadithi za kuogopa operesheni. Kidole kikikaa miezi mingi kimejikunja, kile kiungo cha katikati chenyewe kinakakamaa, nyuzinyuzi zake zinafupika, sasa hata pete ikikatwa vizuri kabisa kidole hakinyooki chote, unahitaji fizio na banzi kwa muda, na wengine hawarudi walivyokuwa. Mtu aliyeogopa kaoperesheni ka dakika 15 anajikuta na miezi ya mazoezi. Kwahiyo daraja la nne, au la tatu ambalo unaona kila wiki linazidi kuwa gumu kunyoosha, nenda moja kwa moja kwenye operesheni, na kama daktari bado anasisitiza sindano muulize anategemea nini kutoka kwake.

Mwenye kisukari yuko katikati. Kama sukari imetulia na kidole hakijakaa sana, sindano moja ni sawa, unapima sukari, unaona. Ikishindwa usiongeze, nenda operesheni. Kama sukari iko juu muda wote basi zote mbili zina tatizo: sindano itaipandisha zaidi, na kidonda cha operesheni kitapona kwa shida na kupata usaha kirahisi, kwahiyo kazi ya kwanza ni kushusha sukari kabla ya kugusa kidole. Mwenye vidole vitatu vinne vinavyokwama, operesheni inaweza kufanya viwili vya mkono mmoja kwa pamoja na hiyo ni afadhali kuliko kuchomwa sindano kila kimoja na sukari inapanda na kushuka.

Unayetumia dawa za kuyeyusha damu, usiziache mwenyewe. Kwa upasuaji mdogo kama huu mara nyingi hata haziachwi, anayeamua ni daktari aliyekuandikia pamoja na atakayepasua.

Anayefanya kazi nzito na mikono, hapa kuna mvutano. Operesheni inamtoa kazini wiki kadhaa, sindano inamrudisha kesho, lakini kazi yenyewe ndo inayochokoza ile kano kila siku. Mi ningesema sindano moja, ikirudi apange operesheni kwenye msimu kazi ikiwa imepoa, asisubiri kidole kifungwe kabisa katikati ya kazi.

Ambao huu ulinganisho hauwahusu

Watoto wadogo. Mtoto ambaye gumba lake limejikunja halinyooki, hiyo ni habari nyingine, steroidi haitumiki, wengine wanapona wenyewe wakisubiriwa na wanaobaki wanafanyiwa operesheni. Na wenye baridi yabisi, hao ile pete ya A1 haikatwi hivihivi maana vidole vyao tayari vina tabia ya kupinda upande, daktari wa mikono anaweza kusafisha utando uliovimba kwenye kano na kuiacha pete. Ukiwa na ugonjwa huo sema mapema, usisubiri kuulizwa. Pia sio kila kidole kisichonyooka ni triga finga, kuna kukakamaa kwa nyama za kiganja ambako kidole kinavutwa taratibu bila kukwama wala kufyatuka, na kuna kano ya nyuma ya mkono inayoteleza pembeni ya kifundo, na hivyo vyote sindano ya pale A1 haivisaidii.

Ukienda kumuona daktari

Muulize kidole chako kiko daraja gani. Muulize operesheni kama hizi anafanya mara ngapi, sio matusi, ni swali la kawaida. Kama ni sindano uliza steroidi gani, na mwambie kama kidole hicho kimeshachomwa sehemu nyingine na lini. Kama ni operesheni uliza ni ganzi tu au kuna mkanda, ni kupasua au ni kwa ncha ya sindano, na siku ya kutoa nyuzi ni lini.

Na baada ya yoyote ile, kama kidole kizima kimevimba, chekundu, cha moto, kimejikunja kidogo na ukijaribu kukinyoosha unataka kupiga kelele, au kuna usaha au homa, usisubiri tarehe ya kurudi na usimeze antibiotiki za kubahatisha. Maambukizi ndani ya ala ya kano yanaharibu kidole ndani ya muda mfupi sana, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku.